Andika Kilo, Usiandike "Light"

Nyinyi manesi wa kliniki za viwandani, kuanzia Thika mpaka Ruiru, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi kwa sababu nimestaafu na eti nina wakati. Wakati sina. Nina kuku, nina wajukuu wawili hapa Witeithie, na nina jirani anayedhani nesi hastaafu. Lakini nitaandika, kwa sababu Brenda, msichana aliyechukua kazi yangu, alinipigia simu wiki iliyopita akanitibua.

"Sista, wametuletea fomu mpya," akasema. "Siku hizi hatuandiki maneno mengi. Kuna kisanduku cha light duty, unaweka tiki, unaita mgonjwa mwingine. Imerahisisha kazi, haki ya Mungu."

"Brenda mami," nikamwambia, "usiweke tiki hata moja mpaka upate karatasi zangu."

Haya, ndizo hizi. Anayetafuta habari za kupandishwa cheo na picha ya keki ya kuagana asijisumbue kusoma. Keki ililiwa na watu wa ofisini kabla sijafika.

Nilianza kazi na cheti kipya na sare niliyoipiga pasi mara mbili. Kiwanda kilikuwa cha makatoni, eneo la viwanda Thika. Jina lake nalihifadhi. Kliniki ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya gundi, na siku za joto harufu ya wanga uliochacha ilitoka sakafuni ikatukumbusha. Kulikuwa na kitanda kimoja, kabati la dawa, sufuria ya kuchemshia vifaa, na juu ya dirisha mizani ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na sindano.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Mutiso, dresa, yaani mfunga vidonda wa zamani aliyekuwa akifanya kazi hiyo tangu kabla ya sisi wenye vyeti kuletwa. Nilimuuliza, kwa ile sauti ya mtu aliyetoka chuoni juzi, "Mzee, kiwandani watoto wako wapi? Hii mizani ni ya nini?"

"Utajua," akasema, na akaendelea kukata bandeji.

Somo lake la kwanza lilikuwa viatu. Mtu akiingia, usianze na kidonda, tazama miguu yake. Buti zenye wanga mweupe zimetoka kwenye mashine ya kubandika karatasi, kwa hiyo tarajia kuungua. Vumbi la kahawia kwenye kamba za viatu limetoka kwa wakataji, tarajia vidole. Viatu safi vimetoka ofisini, na mwenyewe anataka ruhusa ya kwenda kuangalia ploti Ruiru. Alikosea mara chache sana.

Somo la pili sikulielewa upesi, na ujinga huo ulimgharimu mtu mwingine. Kila baada ya wiki chache Mutiso alishusha ile mizani, akaibeba mabegani kama mtu anayeenda sokoni, akaingia kiwandani kupima vitu. Ndoo ya gundi. Mabaki ya roli la karatasi. Sanduku la misumari ya kubania. Akirudi anaandika kwenye daftari la shule, kwa penseli, idara na kilo. Alipoondoka kurudi kwao Machakos alinipa lile daftari mkononi. "Daktari wa hospitali hajawahi kubeba ndoo yetu," akaniambia. "Wewe ndiye utamwambia." Nikasema asante, nikalitia kwenye droo chini ya kalenda, maana nilikuwa na Kiingereza changu na niliamini kinatosha.

Acha sasa niseme juu ya hilo neno "light", kwa sababu nimekaa nalo karibu kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu. Sisi tungesema "nyepesi", na hapo hapo mtu angeuliza, nyepesi kiasi gani? Likiwa Kizungu watu hawaulizi. Hospitali inamwandikia mgonjwa "light diet", mke mmoja anapika uji, mwingine anapika ugali na matumbo lakini anapakua kidogo. Mfanyakazi anakuja kuomba ruhusa, anasema babake amepata kiharusi "lakini ni light," kumbe mzee hasemi wala hamezi. Vijana wa idara ya pakiti wanasema fulani ameoa msichana light, na hapo wanasifu ngozi, hawajui tabia. Kwenye makaratasi ya ardhi kiwanda chetu kilikuwa "light industry", na malori yalipopita getini chupa zangu za dawa zilicheza kabatini. Kulikuwa hata na karatasi inayoitwa "light board". Moja ukiipuliza inaruka. Zikifungwa bando, bando likikuangukia mguuni tutaonana kliniki.

Sina ugomvi na hayo yote. Supu ikiitwa light na isiwe light, ubaya wake ni tumbo kujaa. Ugomvi wangu ni na light duty.

Desturi ya pale ilikuwa hivi. Mgonjwa akirudi kabla hajapona sawasawa, nesi anaandika "light duty" kwenye kikaratasi, anatia muhuri, mgonjwa anampelekea supavaisa. Basi. Kuanzia hapo neno si lako tena. Kwenye mashine, light ilikuwa kufagia chini ya mikanda inayozunguka. Stoo, light ilikuwa kusimama ukihesabu mzigo kutoka asubuhi mpaka kengele. Na kwa wanawake wa mwisho wa laini, light ilikuwa kufunga bando: unapitisha kamba, unakaza, unapiga fundo, halafu unanyanyua bando unaliweka juu ya lingine. Kufunga ndiko kulikoitwa light. Kule kunyanyua hakukuwa na jina.

Nafula alikuja kwangu mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi minne. Ameniruhusu nimtaje, amesema nikificha jina lake atanikasirikia. Alikuwa mtu wa Bungoma, akiishi chumba cha kupanga Kiandutu, mfanyakazi wa pakiti, mpole mpaka supavaisa alikuwa akimsahau. Alileta barua ya hospitali. Daktari alikuwa ameandika mstari mmoja tu wenye neno hilo mara mbili, "light bleeding, light duty". La kwanza nililielewa, damu kidogo. La pili nililinakili kwenye kikaratasi changu kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia muhuri, nikamwambia, "Enda salama, mama."

Siku ya tatu wanawake wawili walimleta wakimshika kwapani. Sitaeleza nilichokiona kwenye aproni yake. Tulimkimbiza hospitali, na jioni ile mimba haikuwepo.

Supavaisa wake, Maina, alikuja kusimama mlangoni pangu akiwa na kofia mkononi. "Sista, si nilimpa light?" akasema. "Nilimtoa kwa mashine, nikamweka kwa kufunga. Si uliandika light?"

Hakuwa anadanganya. Alikuwa amefanya kile nilichomwandikia afanye. Alipoondoka nilifungua droo, nikalitoa daftari la Mutiso, nikakuta kwa penseli yake, ukurasa wa tano: "Kufunga bando: kilo 28. Mama mwenye mimba asiguse." Lilikuwa limelala chini ya kalenda yangu muda wote huo. Nililia kwa hasira, jamani, na hasira yenyewe haikuwa ya Maina.

Jumapili baada ya kanisa nilienda Kiandutu na maziwa na sukari. Nafula alikuwa amelala, uso ukutani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yakanikimbia, nikabaki na moja tu. "Nafula, ni mimi niliandika."

"Najua, Sista," akasema bila kugeuka. "Niliona mwandiko."

Hakuniambia si kitu, wala mimi sikustahili kuambiwa. Nilikaa mpaka jirani yake alipoleta chai, nikanywa, nikaenda zangu.

Tangu Jumatatu ile sikuandika tena hilo neno. Nilishusha mizani nikaanza kuzunguka kama Mutiso, na nikagundua kwamba vitu vinaongezeka uzito nesi akiwa ameketi. Ndoo zilikuwa zimebadilishwa zikawa kubwa. Mabando yalikuwa yameongezwa karatasi, kidogo kidogo, bila mtu kutangaza. Vikaratasi vyangu vikawa virefu: anyanyue kilo ngapi mwisho, aketi au asimame, apumzike saa ngapi, mpaka tarehe gani. Masupavaisa walinung'unika. Mmoja alikuwa akivisoma kwa sauti ya mhubiri, "Waraka wa Sista kwa watu wa pakiti." Cheka tu, nilimwambia, lakini fuata.

Wanisikilize wale wanaodhani huu ni urembo wa kazi. Hakuna fomu itakayokwambia kazi ya mtu. Ondoka kwenye kiti, vaa buti, nenda ukatazame mtu huyo anafanya nini na mgongo wake. Muulize ananyanyua nini, mara ngapi kabla ya chai, na anakiweka wapi, juu ya kichwa au chini ya goti. Kisha pima. Mwaka unaofuata pima tena.

Mwaka wa pili baada ya yale, Nafula aliingia kliniki akafunga mlango mwenyewe, akaweka kadi ya wajawazito mezani. Miezi mitatu na nusu.

"Sista, mimi sikatai kazi," akasema. "Nakataa kuzika tena. Hiyo neno yenu usiniandikie."

Nikaandika: "Afanye kazi ameketi. Asinyanyue chochote kinachozidi kilo mbili. Apewe kiti mpaka siku ya likizo ya uzazi." Maina alikisoma kikaratasi, akajikuna kichwa, akakipeleka juu. Kabla ya saa nne niliitwa kwa meneja wa uzalishaji, Bwana Kimotho, mtu aliyependa meza yake iwe tupu. Siku hiyo ilikuwa na kikaratasi changu peke yake.

"Sista, hii ni nini?"

"Ni maagizo ya mgonjwa, Bwana Kimotho."

"Mimi sina kazi ya kilo mbili hapa. Niko na light duty. Andika light, Maina anajua mahali pa kumweka."

"Hata mara ya kwanza Maina alijua."

"Ile ilikuwa bahati mbaya," akasema. "Wanawake wanapoteza mimba hata wakiwa kwao wamelala."

Hapo ndipo aliponichoma, kwa sababu ni kweli. Wanapoteza. Siwezi kuapa mbele ya Mungu kwamba lile bando ndilo lililomtoa yule mtoto. Naweza kuapa kwamba mama yake hakupaswa kulinyanyua, na kwamba aliyemtuma alikuwa na kikaratasi chenye muhuri wangu.

"Siandiki," nikamwambia.

"Basi nitaandika mimi. Kufunga ni light, kila mtu kiwandani anajua hivyo. Leo unataka kiti kwa mmoja, kesho laini nzima itakuwa imekaa."

"Twende tukaipime."

Alicheka. Alidhani natania. Nilitoka pale nikijua kabisa kwamba kazi ninayoichezea ni yangu na ya Nafula pia, na wote wawili hatukuwa na nyingine. Nikaenda kliniki nikashusha mizani kwenye ndoano.

Ilikuwa saa ya chai. Watu wa laini walikuwa wameketi juu ya mabaki ya karatasi na vikombe na mandazi. Nikaning'iniza mizani kwenye chuma cha juu cha meza ya kufungia, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Naomba watu wawili waniwekee bando moja la light board hapa."

Kisha Maina aliweka kikombe chake chini, akainuka, akamwita kijana wa mashine, wakalinyanyua. Maina, jamani! Nimemsamehe mengi kwa sababu ya dakika hiyo. Sindano iliruka mpaka ishirini na tano, mwisho wa uso, ikagonga ikakwama.

"Haiya, imekufa!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka.

"Haijakufa," nikasema. "Imetengenezewa mtoto. Fungueni bando."

Tukaligawa. Nusu ya kwanza, kilo kumi na sita. Nusu ya pili, kumi na tano. Nilizitaja kilo kwa sauti, nusu moja moja, kisha jumla. Mama Ciku, mama mzito wa Gatuanyaga aliyekuwa amefunga mabando pale miaka kumi na moja, alisimama na mandazi mkononi.

"Ati thelathini na moja?" akasema. "Mimi nimeambiwa hii ni light, nikabeba mimba mbili hapo hapo! Ngai! Na nikiumwa na mgongo mnaniambia ni uzee?"

Bwana Kimotho alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, ametoka kuangalia kelele. Akasema kila mtu arudi kazini. Hakuna aliyeondoka. Kengele ya mwisho wa chai ilikuwa bado dakika nne, na dakika nne za chai zilikuwa mali ya watu. Wakazinywa zote, taratibu, wakimtazama.

Mimi nilirudi kliniki, nikachukua kiti changu, kilikuwa kimoja tu, nikakibeba mpaka mwisho wa laini nikakiweka mbele ya meza ya lebo. "Nafula, kaa hapa," nikamwambia. Akakaa. Hakuna aliyethubutu kumwinua mbele ya wale watu, wala siku iliyofuata, wala iliyofuata. Nilitibu wagonjwa nikiwa nimesimama miezi mitano, na nilipowaandikia nilitumia ukingo wa kitanda.

Kesho yake asubuhi nililetewa barua ya onyo, nakala mbili. Nikatia sahihi kwamba nimeipokea.

Nafula alifika siku zake akiwa ameketi. Alijifungua msichana, na msichana huyo sasa yuko shule, ana mdomo usiofanana na wa mama yake hata kidogo. Mabando yalipunguzwa karatasi mwaka ule ule, kimyakimya, bila tangazo, kama yalivyoongezwa. Bwana Kimotho na mimi tuliendelea kusalimiana. Sikumchukia. Nilimwogopa kwa miaka kadhaa, tusidanganyane, na kila nilipoandika kilo nilijiuliza kama ndicho kikaratasi changu cha mwisho. Nikaandika hivyo hivyo.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliitwa na kijana mpya wa ofisi ya wafanyakazi, mtoto mpole, amevaa tai, ananiita "mum". Alikuwa na faili yangu mbele yake.

"Mum, tumepitia rekodi yako yote," akasema. "Ni safi kabisa. Kuna hii warning letter moja tu ya zamani, na hao watu hata hawako tena. Tumeamua tuitoe tuichane, uende nyumbani na faili safi. Chukua kama zawadi yetu."

Alikuwa amenyoosha barua mezani, tayari kwa kuchanwa. Alingoja nishukuru.

"Hebu nisomee kosa langu," nikamwambia. "Miwani nimeiacha."

Akasoma, na hakuona haya, maana hakujua. "Kwa kuacha kituo chake cha kazi bila ruhusa, kuingia eneo la uzalishaji, na kupima bando la kilo thelathini na moja mbele ya wafanyakazi, hivyo kusababisha utovu wa nidhamu."

"Kilo ngapi?"

"Thelathini na moja, mum."

"Sahihi ni ya nani?"

"Ya meneja."

"Na muhuri?"

"Ni wetu. Wa kampuni."

"Basi irudishe ndani."

"Lakini mum, inakuharibia jina."

Nikamwambia jina langu litajitetea lenyewe. Nilimwomba aitoboe mashimo vizuri, aifunge kwenye faili mbele yangu, na nilikaa pale mpaka alipomaliza. Alidhani nimezeeka vibaya. Sikumweleza, ila nyinyi nawaeleza. Binti wa Nafula ana cheti cha kuzaliwa, ana kadi ya chanjo, ana madaftari yaliyojaa alama za mwalimu. Yule aliyemtangulia tumboni hana karatasi hata moja yenye muhuri wa kampuni inayosema mama yake alibebeshwa nini, isipokuwa hiyo, na wameiandika wenyewe. Faili yangu iacheni chafu.